Aliyefungiwa ana haki gani kwa aliyemfungia?

Msomaji wangu, suala ninalolileta wiki hii huenda likawachekesha baadhi yenu. Nimetumia Jumamosi tatu mfululizo, pamoja na zaidi ya shilingi 60,000, kumjengea nyumba mnyama anayeenea kiganjani. Cheka kwanza, kisha twende pamoja, kwani mwisho wa safari hii mimi mwenyewe sikucheka.

Mnyama huyo anaitwa hamsta. Ni jamaa ya panya, ana manyoya ya rangi ya dhahabu, mkia mfupi kama haupo, na mashavu yenye mifuko anayoijaza nafaka na kwenda kuzificha. Hapa Dar es Salaam si wengi wanaomfahamu. Wa kwetu aliachwa na jirani mgeni ambaye mkataba wake wa kazi ulikwisha akawa anarudi kwao. Mwanangu wa miaka 9 akaniomba tumchukue, nami kwa kutaka tu mazungumzo yaishe nikasema haya, mlete.

Mama mkwe alipokuja kututembelea alishika kichwa. "Watu wanatega mitego, nyinyi panya mnamwekea chakula kwenye kisahani!" Sikumlaumu. Panya ametajwa katika hadithi miongoni mwa viumbe wenye madhara ambao imeruhusiwa kuwaua. Kama hukumu hiyo inamgusa na huyu binamu yake, hilo nawaachia masheikh. Langu mimi lilikuwa dogo zaidi na zito zaidi: kiumbe huyu tayari yumo ndani ya nyumba yangu, chini ya komeo ninalolifunga mwenyewe.

Ni nani kati yetu asiyeijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka? Tumeisikia madrasa tukiwa watoto, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini hebu tuitazame upya. Mwanamke yule hakuadhibiwa kwa kuwa na paka. Aliadhibiwa kwa kumfungia, asimlishe, na wala asimwachie akajitafutie wadudu wa ardhini. Kwa maneno mengine alikuwa na milango miwili ya kuokoka, akaifunga yote. Na tunajua pia kuwa Mtume (SAW) alimtania kwa upole mtoto Abu Umayr kuhusu kijidege chake cha kuchezea, na wanazuoni wengi wakachukua hapo kuwa kufuga ndege tunduni kunajuzu, maadam anatimiziwa haki zake.

Basi swali langu likawa: haki zake ni zipi? Maji na chakula tu?

Tundu alilokuja nalo lilikuwa la waya, urefu wake kama sentimita 40 na upana 25. Usiku kucha alikuwa akizitafuna nyaya zake, kru, kru, kru, mpaka alfajiri. Mwanangu akasema ananoa meno. Nami nikaridhika na jibu hilo, kwani lilinipa usingizi. Baadaye nikasoma kuwa kutafuna nyaya namna ile mara nyingi ni dalili ya mnyama aliyebanwa, anayetafuta pa kutokea. Nikasoma pia kuwa madaktari wa wanyama wa Ujerumani wanaoshughulikia ustawi wa wanyama wanashauri nyumba ya hamsta isipungue sentimita 100 kwa 50. Nikachukua futi, nikapima, nikaona haya. Wa kwangu alikuwa na moja ya tano ya nafasi hiyo.

Kazi ikaanza. Kwa mafundi wa Keko nikapata mbao za kabati kuukuu, nikapiga sanduku refu lenye kina. Mfuniko nikauweka wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwani ule wa kuku angepenya. Ndani nikajaza maranda hadi kina cha futi moja, nikichagua yasiyo na harufu kali ya utomvu, kwani harufu hiyo inamdhuru mapafu. Kwa nini kina chote hicho? Kwa sababu huko atokako mnyama huyu huchimba shimo linalozidi nusu mita kwenda chini, lenye chumba cha kulala na ghala la chakula. Kwenye waya mtupu hana la kufanya na makucha aliyopewa na Mola wake.

Kisha nikamwekea kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango kiwe chumba chake, kisahani cha mchanga mkavu uliochekechwa apate kujigaragaza, na kipande cha kigae cha sakafuni cha kulalia joto likizidi. Gurudumu lake la kukimbilia lilikuwa dogo, lenye vijiti, na akikimbia mgongo ulikuwa unapinda kama upinde. Nikatengeneza jingine kwa sahani pana za plastiki na beringi kuukuu, upana wake sentimita 28, lisilo na nafasi ya kunasa mguu. Usiku wa kwanza alichimba mpaka akapotea kabisa machoni petu. Mwanangu alilia akidhani amekufa. Asubuhi tukakuta ghala limejaa mtama chini ya kifuu. Na zile kru kru hazikusikika tena.

Hapo ndipo rafiki yangu mmoja, tukitoka msikitini, aliponiuliza swali lililonikosesha raha. "Ndugu yangu, gereza ukilipaka rangi linaacha kuwa gereza? Kama unamhurumia kweli, mwachie."

Ni swali la haki. Nikalifikiria kwa muda. Mababu zake hamsta huyu wanatoka nchi ya Sham. Mwaka 1930 mama mmoja na watoto wake 11 walichimbuliwa shambani karibu na mji wa Halab, wakapelekwa Jerusalem kwa ajili ya utafiti wa maradhi, na inaelezwa kuwa karibu hamsta wote wa aina hii wanaofugwa duniani leo ni kizazi cha wachache waliosalia katika shimo lile moja. Huko kwao sasa wamo hatarini kutoweka. Huyu wetu amezaliwa tunduni, na mama yake tunduni, na bibi yake tunduni. Nikimwachia hapa mtaani hatafika machweo kabla kunguru na paka hawajammaliza. Kumwachia kwangu kusingekuwa rehema hata kidogo. Kungekuwa ni kumtua mzigo mtu na kuuita mzigo huo uhuru.

Kwa hiyo katika ile milango miwili ya hadithi ya paka, mmoja umefungwa, na si mimi niliyeufunga. Je, hilo linanipunguzia dhima? La hasha! Nadhani linaniongezea. Paka aliyeachiwa angeweza kujisaidia. Asiyeweza kwenda popote anategemea kila kitu kutoka kwako: nafasi, hewa, giza la kulala, hata kitu cha kufanya kwa makucha yake. Kadiri mlango wa kutokea unavyokuwa mwembamba kwa aliye chini yako, ndivyo deni lako kwake linavyokuwa kubwa. Hiyo ndiyo kanuni niliyoipata, nikafurahi nayo, nikaona nimemjibu rafiki yangu vizuri.

Sikujua kanuni hiyo inanisubiri nyumbani.

Sanduku jipya lilikuwa kubwa kwa sebule yetu. Mwanangu akapendekeza tuliweke chumba cha binti anayetusaidia kazi, kwa kuwa mchana hakina mtu. Nikachukua futi yangu nikaenda kupima. Binti alikuwa anafua uani. Akanitazama, akasita, kisha akasema kwa adabu kabisa: "Baba, humo usimweke. Usiku hakuna hewa, atakufa."

Nilisimama na futi mkononi nisijue la kusema. Dirisha la chumba kile lilikuwa limezibwa na maboksi yetu, mapipa ya akiba ya maji na kitanda kibovu tulichokuwa "tutakitengeneza". Binti huyu ana miaka 19, ametoka Singida, yuko kwetu mwaka wa pili. Mwaka wa pili analala mahali ambapo mimi nimeambiwa panya atakufa. Nami niliyepima upana wa gurudumu kwa sentimita sijawahi hata siku moja kupima chumba chake.

Asije mtu akanielewa vibaya. Sisemi binti wa watu ni sawa na mnyama, astaghfirullah. Nasema kuwa ikiwa aliye mdogo ana haki hii, basi mwanadamu aliyetukuzwa na Mola wake anayo zaidi na kabla. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu waliowekwa chini ya mikono yetu, tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, na tusiwatwishe wasiyoyaweza. Wapo watakaosema: mbona yuko huru, akichoka si aondoke? Aondoke aende wapi, kwa nauli ipi, na mshahara wake tunautuma nyumbani kwao kila mwezi? Mlango wake ni mwembamba kuliko tunavyopenda kukiri. Rejeeni kanuni.

Hata sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki. Katika mitaa yetu, ni binti gani wa kazi anayezipata? Wetu alikuwa hazipati. Naandika hili nikiwa na haya, na nimeona bora nione haya hapa kuliko huko mbele tuendako.

Wengine watasema basi kosa ni huyo hamsta, nimempa mnyama kilicho cha mtu. Sioni hivyo. Laiti nisingejishughulisha naye nisingeshika futi, na nisingeshika futi nisingeingia chumba kile. Huruma kwa kiumbe mdogo haikumnyima binti kitu. Kilichomnyima ni mazoea yangu. Nilikuwa nimemzoea mpaka nikaacha kumwona.

Maboksi tumeyatoa. Mapipa yako uani. Wavu uliobaki kwenye lile sanduku ulitosha dirisha lake kuzuia mbu, na Jumapili ni yake, anakwenda atakako. Hakunishukuru, na sikumtarajia anishukuru, kwani mtu hashukuriwi kwa kurudisha alichokizuia. Aliuliza jambo moja tu: kama dirisha litabaki wazi hata mvua zikija na maboksi yakikosa pa kukaa. Nikamwambia litabaki. Alinitazama kama mtu aliyekwishasikia ahadi nyingi.

Nawe msomaji, kabla hujalifunga gazeti hili, chukua futi. Nyumbani kwako ni nani aliye chini ya komeo lako, na mara ya mwisho ulipima lini?

Wabillahi tawfiq.