Likizo ya Wawili Ng'ambo: Ni Haki au Ni Ubinafsi?

Tuchukue mfano wa mume na mke waliofunga ndoa miaka 25 iliyopita. Wana marafiki huko Ureno, familia waliyozoeana nayo ilipokuwa ikifanya kazi Nairobi. Kila Krismasi marafiki hao huwaalika. Sasa watoto wamekua, akiba ipo, na wawili hawa wanataka kwenda majuma sita, wakae na marafiki na kutembea pwani ya nchi ile. Lakini nyumbani kuna mama mzee anayeugua miguu, kuna mpwa anayesubiri karo, na kuna majirani watakaosema, "Siku hizi wamekuwa wazungu!" Je, waende?

Wako wanaojibu upesi: pesa ni zao, wamezitolea jasho, asiwaulize mtu. Wengine husema kwamba mtu mwema hawezi kulala ufukweni huku ndugu yake akikosa karo. Jibu la kwanza linasahau kwamba hakuna aliyefika alipo peke yake. La pili nalo linasahau kwamba shida za ukoo hazina mwisho, na kwamba mume na mke waliahidiana kitu wao kwa wao kabla ya kumwahidi mtu mwingine yeyote.

Kupumzika si dhambi. Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba, na Yesu aliwaita mitume wake waende kando wakapumzike kidogo (Marko 6). Hata sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu ajira inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Lakini tujiulize: siku hizo huenda wapi? Bwana huzimalizia kwenye ujenzi, bibi kwenye shamba na matanga. Kila mmoja anarudi kazini amechoka, na hawajakaa pamoja hata jioni moja. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikumbusha kwamba upendo unahitaji muda, na kwamba mengine yote sharti yangoje.

Wageni wetu wakifika Lisbon, wataonyeshwa Belém, kando ya Mto Tejo. Hapo ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga Julai 1497, na Aprili 1498 akafika Malindi kwetu. Mabaharia wale hawakuwachukua wake zao, na wengi hawakurudi kamwe. Jambo hilo si la kale tu. Leo ndoa ngapi za Kenya zimetengwa na maji au na barabara? Mume yuko Mombasa na mke yuko Kakamega, au mke yuko Ghuba akilea watoto wa wengine. Kwa watu walioishi hivyo miaka mingi, majuma sita ya kuamka pamoja kila asubuhi si anasa. Ni kulipa deni la zamani.

Hata hivyo, msidhani bahari itawatengenezea ndoa. Maji ya Atlantiki ni baridi hata Julai, na aliyezoea Diani atatoka mbio! Tena, kule Nazaré, kaskazini ya Lisbon, watu huenda wakati wa baridi kutazama mawimbi yenye kimo cha ghorofa kadhaa. Chanzo chake kimefichika: ni bonde refu na lenye kina kikubwa lililo chini ya bahari. Ndivyo zilivyo na ndoa. Nyumbani, kazi na watoto huficha bonde lile. Mkiwa wawili tu katika chumba kidogo, mbali na shughuli, neno dogo juu ya begi lililosahauliwa linaweza kuinua wimbi. Msiogope. Afadhali lionekane mkiwa na nafasi ya kulizungumza kuliko kulizika tena.

Kisha kuna wenyeji wenu. Viza inaweza kuwaruhusu kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180, lakini kibali cha serikali si kipimo cha subira ya rafiki. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nao pia ni mume na mke wenye kazi na mazungumzo yao ya usiku. Pikeni siku moja, osheni vyombo, nunueni samaki sokoni. Siku nyingine waacheni peke yao, mpande treni hadi Cascais mkatembee kando ya bahari. Wala bibi asimwambie bwana, "Unaona mwenzako anavyomsaidia mkewe?" Ndoa ya mwenyeji isitumiwe kuwa fimbo ya kumchapa mwenzako.

Basi waende au wasiende? Nasema waende, ikiwa mambo matatu yamekwisha kupata jibu. Kwanza, je, mama mzee ana mtu wa kuaminika wa kumtunza, aliyekubali kwa hiari na si kwa kushurutishwa? Pili, je, karo waliyoahidi imelipwa, na safari yenyewe ni ya akiba, si ya mkopo ambao watoto watausaidia kuulipa? Tatu, je, wote wawili wanaitaka? Mke anayeburutwa hadi Ulaya ili mumewe apate cha kusimulia hapumziki. Vivyo hivyo mume aliyekubali ili kukwepa kelele. Jibu la swali moja likiwa hapana, tiketi ingoje mwaka mwingine. Yote yakiwa ndiyo, maneno ya majirani yasiwazuie.

Na ninyi ambao Ureno ni ndoto tu, swali ni lenu pia. Likizo ya wawili yaweza kuwa siku tatu Malindi, au Jumapili moja alasiri kando ya ziwa Kisumu. Jioni ya leo, zimeni televisheni, wekeni simu kando, kila mmoja amwulize mwenzake: mara ya mwisho tulipopumzika pamoja ilikuwa lini? Mkikosa kukumbuka, hapo ndipo pa kuanzia.