Mrithi wa Damu na Mrithi wa Kisa

Ni damu inayompa mtu ufalme, au ni watu kukubali kisa chake? Miaka ya 1870 Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, alimwambia mtemi mzee Kasongo Rushie wa Utetela kwamba yeye ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani. Kisa alikitunga kwa habari alizozisikia njiani. Mzee akamwachia utawala.



Mwaka 2006, huko India, Manvendra Singh Gohil, mwana wa maharaja wa Rajpipla, alijulikana hadharani kuwa anapenda wanaume. Familia ikamkana, ingawa nasaba yake haikuwa na shaka. Wanaoitetea damu waeleze kwa nini huyu alikanwa, na yule mgeni akatawazwa.