Pacha Aliyemezwa

Anza na taa ya chumbani kwako. Fotoni, yaani vile vipande vidogo kabisa vya mwanga, zinatoka humo ovyo ovyo kama abiria wanaogombea daladala. Lakini viko vyanzo vya mwanga vinavyotoa fotoni kwa mafungu ya idadi maalumu. Mwaka 2014 Carlos Sánchez Muñoz na wenzake walionyesha kwa hesabu jinsi ya kupata mafungu ya mbili, tatu au zaidi. Fungu la mbili ndilo la zamani: mwaka 1970, huko Marekani, Burnham na Weinberg walipitisha mwanga kwenye fuwele, wakanasa fotoni zinazozaliwa pacha. Nishati ya pacha hao ukiijumlisha, unapata ile ya mama yao.

Sasa sikia. Mwaka 1986 Hong na Mandel, wa Chuo Kikuu cha Rochester, walitaka fotoni moja tu, tena wajue ipo. Wakafanyaje? Wakamnasa pacha mmoja. Chombo kikishtuka, basi mwenzake yuko njiani. Lakini yule aliyenaswa ndiyo kwisha habari yake, chombo kimemmeza. Kazi yake ilikuwa kumpigia mwenzake hodi.

Niliposoma hayo nilimkumbuka kaka yangu. Tulikuwa wawili, ada ilikuwa ya mmoja. Yeye akaenda kubeba zege, mimi nikaendelea na shule. Leo watu wananiambia, "Kijana umejitahidi." Ni kweli, nimejitahidi. Lakini peke yangu?

Utaniambia ndivyo dunia ilivyo, lazima mmoja aumie ili mwingine apite. Mimi nakataa. Fotoni haina hiari, na fuwele haiulizi mtu. Sisi tulikuwa na midomo. Nani alimuuliza kaka? Mimi sikumuuliza. Nilinyamaza, maana jibu lake lingeweza kunigharimu.

Tena wale wa maabara wamenizidi uaminifu. Wao huandika mshtuko wa pacha wa kwanza, kwa sababu bila huo wa pili hana ushahidi. Mimi katika hadithi yangu nimemfuta kabisa. Kupokea sadaka ya mtu si dhambi. Dhambi ni kuipokea halafu ukajihesabu mmoja.

Jumamosi nakwenda kwake. Sina hela ya maana ya kumpelekea. Nitamuuliza tu: kaka, ulitaka kuacha shule, au tulikuacha?