Amana ya Dirisha

Katika nyumba nyingi za kale za Mji Mkongwe, dirisha lilikuwa kazi ya seremala: mbao mbili za kufungia, na nondo za kuzuia mkono wa mwizi. Kosa la seremala halikuwa na pa kujificha. Ubao ukipinda, kila mpita njia aliuona. Mwanza, ambako mimi mtu wa visiwani nimeishi miaka mingi, dirisha lina mitihani mingine. Nyumba zimepanda juu ya majabali, na tufani za Ziwa Victoria aghalabu hujikusanya usiku, zikashuka kabla ya alfajiri. Wadudu wa ziwani huinuka juu ya maji mfano wa moshi, wakifuata taa. Na mbu hana haja ya taa. Dirisha lililo kamili sharti likaribishe upepo, likatae mvua, na liwafungie wadudu nje. Yote hayo kwa pamoja.

Nilipotaka kubadilisha madirisha ya vyumba viwili, nilikwenda kwenye kampuni yenye ofisi safi na aluminiamu inayong'aa ukutani. Nilioneshwa hati ya usajili kutoka BRELA, nikaridhika, kana kwamba kusajili jina ni kusajili dhamiri. Kisha nikapatana bei. Nilishusha, nikashusha tena, hata muuzaji akatabasamu na kukubali. Sikujiuliza tabasamu lile lilitoka wapi.

Masika yalipofika, maji yaliingia na kutuama chini ya kitanda cha mjukuu wangu. Wavu nao ulikuwa umechomoka pembeni. Mwezi ule mtoto aliugua malaria. Sina ushahidi kwamba mbu aliyemuuma alipita pale, wala siwezi kumtuhumu mtu kwa nisilolijua. Lakini mwenye kukesha na mtoto mwenye homa huitazama kila pembe ya chumba. Kampuni ilinijibu kwamba mvua ilikuwa kubwa kupita kawaida.

Ndipo nilipomwita fundi mmoja mzee wa mtaani. Alimimina kikombe cha maji katika reli ya chini ya dirisha, akangoja. Maji hayakwenda popote. "Mwalimu," akasema, "hapa wamekujengea bwawa." Dirisha la kuteleza huhitaji vitundu vya kutolea maji upande wa nje, na havikuwapo. Akavitoboa, akakaza wavu, akataja ujira mdogo. Kwa furaha nikamwambia abadilishe na madirisha yote ya mbao yaliyobaki. Akakataa. "Fremu hizi ni mninga, zitatuzika mimi na wewe. Badilisha wavu na bawaba tu. Haya ya kuteleza yenye vioo viwili hufunguka nusu. Utakuwa umelipa fedha ili upunguze upepo."

Msomaji mpenzi, hapa ndipo lilipo swali langu. Huwezi kumjua mwaminifu bila kumjaribu, wala huwezi kumjaribu bila kwanza kumwamini. Je, mtu huanzia wapi? Wengi wetu huanzia kwenye maneno yake, lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Nami naona alama moja isiyo rahisi kuigiza: neno analolisema mtu kwa hasara ya mfuko wake. Fundi yule aliipoteza kazi ya madirisha sita kwa sentensi nne.

Methali yetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini aluminiamu ile pia ilijiuza yenyewe kwa kung'aa, na uzuri wa kitundu kisichozidi punje ya mtama hauonekani mpaka mvua inyeshe. Kwa hiyo anayeniuliza achague kampuni gani, humwambia aende kwa wateja wa masika matatu yaliyopita, ikiwezekana siku ya mvua. Unene wa kioo na wa fremu uandikwe. Na amuulize fundi ni kipi asichopaswa kununua. Asiye na jibu la swali hilo la mwisho ni muuzaji tu.

Kampuni ile ilikosa, nami siwatetei. Lakini na mimi nina sehemu yangu. Bei niliyoilazimisha haikuwa bei ya kazi kamili, na moyoni nililihisi hilo. Mwenye kutaka kitu kwa chini ya thamani yake huomba adanganywe, kisha hulalamika ombi lake likikubaliwa. Amana ina ncha mbili: fundi hunikabidhi jasho lake kabla sijalipa yote, kama nimkabidhivyo usingizi wa watoto wangu.

Kwa kazi ya wavu na bawaba tuliafikiana kwamba sehemu ya mwisho ya malipo ingoje mvua ya kwanza. Ilinyesha usiku. Asubuhi nilipapasa sakafu kwa kiganja, nikaikuta kavu, nikampelekea fedha zake kabla hajafungua karakana.