Kisasi na Haki

Mtu akipigwa, mkono wake huinuka kabla ya akili yake kuamka. Hiyo ni desturi ya mwili, wala mwili haulaumiwi kwa desturi yake. Lakini dola si mkono. Dola ina mabaraza, sheria na mahakimu, na vyote hivyo viliwekwa ili akili ipate nafasi ya kusema kabla mkono haujashuka. Basi swali letu ni hili: mataifa ya Magharibi, yenye nguvu nyingi na mali nyingi, yapaswa kuujibu vipi ugaidi unaoua raia zao? Na yapaswa kufanya nini juu ya dhuluma ya ulimwengu, ambayo mara nyingi hutajwa pamoja nao?

Tuanze na jambo lililotokea nyumbani kwetu. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililipuka penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, na asubuhi hiyo hiyo jingine likalipuka Dar es Salaam. Nairobi peke yake walikufa watu zaidi ya 200, na maelfu walijeruhiwa, wengine wakapofuka kwa vigae vya vioo. Marekani ndiyo iliyolengwa, lakini Wamarekani waliokufa walikuwa 12. Waliosalia walikuwa makarani, wanafunzi, wapita njia na abiria wa basi, watu wasiokuwa na ugomvi na mtu. Wauaji walidai kuwatetea walioonewa, kisha wakawaua wasio na hatia. Hapa twajifunza neno la kwanza: gaidi si wakili wa mnyonge. Hakutumwa naye, wala hamletei faida.

Marekani ilitoa majibu mawili. Jibu la kwanza lilikuja upesi. Tarehe 20 Agosti makombora yalipiga kambi katika Afghanistan na kiwanda cha dawa mjini Khartoum. Ilisemwa kuwa kiwanda kile kilihusika na silaha za sumu. Dai hilo halikuthibitishwa, lakini kiwanda kilikwisha kuwa kifusi, na nchi maskini ikapoteza dawa za wagonjwa wake. Jibu la pili lilikwenda polepole. Wapelelezi walichungua mabaki, washtakiwa wakapelekwa New York, wakapewa mawakili, na Wakenya walionusurika wakasikizwa kama mashahidi. Mwaka 2001 watu wanne walionekana na hatia, na mwezi wa Oktoba wakahukumiwa kifungo cha maisha. Wakati huo zilikuwa zimepita wiki chache tu tangu tarehe 11 Septemba, siku walipouawa watu karibu 3,000 katika Marekani, na mahakama ile ilikuwa mwendo mfupi kutoka vifusi vya minara iliyoanguka. Hasira ilisimama mlangoni, lakini haikuruhusiwa kuketi katika kiti cha hakimu.

Ni lipi kati ya majibu hayo lililo bora? Yaliyofuata yatujibu. Mwaka 2002 Marekani ilifungua gereza la Guantánamo, katika kisiwa cha Kuba, na watu wapatao 780 walitiwa humo, wengi wao bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Mtu aliyetajwa kuwa mpangaji mkuu wa mauaji ya 2001 alikamatwa mwaka 2003. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alitiwa katika jela ya siri akateswa. Miaka 20 baadaye kesi yake ilikuwa bado haijasikizwa, na sababu moja kubwa ni kwamba ushahidi ulikwisha kutiwa doa na mateso. Waliofiwa walinyimwa hukumu na watu wale wale waliowaahidi hukumu. Katika mwaka huo wa 2003 vita vilipelekwa Iraq kwa ajili ya silaha ambazo hazikuonekana. Na katika vurugu za vita hivyo likakua kundi jingine la kigaidi, lililouteka mji wa Mosul mwaka 2014. Kisasi ni mpanzi mwenye haraka: hutupa mbegu bila kuzitazama, kisha hushangaa kwa mavuno.

Sisemi kwamba dola iliyoshambuliwa ikae na mikono kifuani. Kumlinda raia ni wajibu wa kwanza wa kila serikali, na yuko muuaji asiyezuilika ila kwa nguvu. Lakini kisu cha tabibu na kisu cha mchinjaji vyote hukata. Hutofautiana kwa sababu tabibu hupima kwanza, hukata palipo ugonjwa, na hujibu kwa kosa lake.

Sasa tuitazame dhuluma. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zililalamika katika Shirika la Biashara la Dunia kwamba ruzuku wanazopewa wakulima wa pamba wa nchi tajiri zilishusha bei ya pamba, na kuwanyang'anya wakulima wao riziki. Mkulima yule hakumtupia mtu bomu. Alileta shauri lake barazani, kama mstaarabu afanyavyo. Je, alisikizwa kwa haraka ile iliyorusha makombora? Hasha.

Wako wasemao kuwa kurekebisha dhuluma baada ya bomu ni kumlipa gaidi ujira. Hoja hii si ya kudharauliwa, lakini ina kasoro. Ikiwa mtu ana deni, kisha mwizi akavunja nyumba yake akipiga kelele kwa jina la mdai, mwizi afungwe. Lakini deni halifutiki. Mdai hakumtuma mwizi. Hulipwa kwa sababu anadai, si kwa sababu mlango umevunjwa. Uingereza yenyewe ilionyesha kuwa deni la zamani laweza kukiriwa. Mwezi wa Juni 2013 serikali yake ilisikitika hadharani kwa mateso waliyotendewa Wakenya wakati wa hali ya hatari, ikakubali kuwalipa zaidi ya 5,000 kati yao. Ilikuwa zaidi ya nusu karne imepita, na wengi walikwisha kuzikwa. Haki iliyochelewa vile ni chakula kilicholetwa matangani. Hata hivyo, ni bora kuliko kukana.

Lakini yapasa mizani tunayompimia mwenzetu itupime na sisi. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio katika nchi yetu, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh, na wengi walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Wengi wao kosa lao lilikuwa asili yao ya Kisomali. Tukilaumu Guantánamo tukanyamaza juu ya Kasarani, tutakuwa tumelaumu jina la mahali, si uovu wenyewe.

Kwa hiyo mataifa ya Magharibi, na yetu pamoja nayo, yana kazi mbili, wala moja haiwezi kushika mahali pa nyingine. Ya kwanza ni kumtafuta muuaji, yeye mwenyewe na si jirani yake, na kumweka mbele ya sheria. Ya pili ni kumlipa aliyedhulumiwa haki yake, hata kama hajapiga kelele, na hasa ikiwa hajapiga kelele. Dunia ikiwasikiza wenye baruti peke yao, itakuwa imewafundisha wapole somo baya kuliko yote.