Binti Anasafiri, Jile Iko Wapi?

Jumapili iliyopita tuliitwa kwenye kikao cha familia huko Nguba, Bukavu. Binti ya dada yangu amepata staji Goma, na hajawahi kupanda bato, boti la Ziwa Kivu, maishani mwake. Angesafiri peke yake. Basi wakubwa wakajaa sebuleni, chai ikamiminwa, na mashauri yakaanza.

Mama mkubwa ndiye aliyefungua: mtoto avae pete ya ndoa, hata ya kuazima, ili wanaume wamheshimu. Shangazi akaongeza kwamba akiulizwa jina asitaje lake, ataje lolote linalomjia kinywani, maana siku hizi mtu akijua jina lako kesho amekupata kwenye simu. Avae vikwembe viwili, kimoja juu ya kingine, avikaze kiunoni. Asikae juu penye upepo, huko ndiko kwenye bia na muziki. Ashuke chini kabisa, ajibanze kati ya akina mama na magunia yao, alale. Mjomba, ambaye hufika vikaoni chai ikiwa tayari mezani, alisema tu asicheke na mtu.

Nikauliza: "Huyu mtoto anajua kuogelea?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Weye nawe," dada yangu akanijibu, "anaenda staji, haendi kuoga ziwani."

Kicheko hicho nimekaa nacho wiki nzima, na kila nikikikumbuka kinanikera upya. Hebu tuyapitie mashauri yale moja moja. Jina la uongo likiandikwa kwenye orodha ya abiria, siku ya msiba familia itamtafuta nani? Vikwembe viwili vilivyokazwa kiunoni, vikishalowa, vinafunga miguu. Na kule chini kati ya magunia ndiko mtu asikotoka bato likilala ubavu. Kwa mapenzi yetu yote, tulimpa binti yetu maelekezo kamili ya namna ya kuzama kwa heshima.

Utasema natia chumvi. Haya, turudi tarehe 3 Oktoba 2024. Bato la MV Merdi lilitoka Minova, likavuka ziwa, likafika mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiliona kwa macho yao. Maji yalikuwa matulivu. Likainama upande, likapinduka, na kuna aliyelipiga video kutoka ufukweni. Wengi wetu tuliiona video hiyo kwenye simu tukashindwa kulala. Gavana wetu wa Kivu Kusini alitangaza kwamba ndani yake walikuwemo watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Chombo kile kilikuwa cha watu 80 hivi. Dhoruba haikuwepo, wala jambazi, wala mwanaume mlevi anayesumbua wasichana. Kilichoua ni mzigo.

Na hatuko peke yetu. Wenzetu wa Tanzania wana ajali za MV Bukoba ya 21 Mei 1996 na MV Nyerere ya 20 Septemba 2018, zote Ziwa Victoria, na Zanzibar wana ile ya Spice Islander ya Septemba 2011. Ziwa lile, bahari ile, hili letu, habari haibadiliki: watu na mizigo kupita kipimo, na aliyepaswa kusema "imejaa" akanyamaza.

Ziwa Kivu lenyewe linatudanganya kwa upole wake. Halina mamba, halina kiboko. Jioni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatoka na taa zao na nyimbo, unatazama kutoka mlimani unaona pambo. Kumbe pale kwenye kina kirefu ni mita zaidi ya 480 kwenda chini. Na sisi, watu wa Bukavu, mji uliokaa juu ya rasi tano, uliozungukwa na maji kila ukigeuka, tunawaacha wavulana wajirushe ziwani tangu utotoni huku wasichana wakiteka maji na kurudi nyumbani. Halafu tunashangaa nani hajui kuogelea.

Zamani mtu aliweza kusema: basi apite barabarani. Lakini barabara ya Kalehe na Sake mnaijua wenyewe, na Merdi ilijaa hivyo kwa sababu mapigano yalikuwa yamewafungia watu wa Minova njia ya nchi kavu. Tangu vita vya mwanzoni mwa 2025, Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, ndege za abiria nazo zikasimama, Goma na Kavumu, uwanja wa Bukavu. Ziwa limegeuka barabara kuu, na wanaopita humo kwa mara ya kwanza ni wengi, wanawake wakiwa kundi kubwa: wanafunzi, wauguzi, wafanyabiashara, mama anayekwenda kumzika ndugu.

Baada ya ajali ya bato ya Aprili 2019 kwenye ziwa hili, Rais Tshisekedi alikuja huku akaagiza kila abiria avae jile, yaani jaketi la kuokolea. Agizo zuri kabisa. Sasa panda bato utazame juu. Katika moja nililosafiri nalo, jina nalihifadhi, jile zilikuwa darini ndani ya wavu, wavu umefungwa kwa kamba, na fundo limekazwa kama la mtu anayefunga mbuzi asiyemwamini. Nilimwuliza kijana wa kazi zinafunguliwa lini. Akanijibu bila aibu: "Wakaguzi wakija, mama."

Najua mama mkubwa akisoma hapa ataninyooshea kidole. "Wewe unayejua sana, unataka kusema wanaume hawasumbui mabinti safarini?" Wanasumbua. Mji alipojenga Daktari Mukwege hospitali ya Panzi mwaka 1999 hauhitaji kufundishwa na mtu hatari zinazomfuata mwanamke. Lakini usumbufu wa safari una mahali pake, nao ni bandarini: pale wabeba mizigo watatu wanaponyakua sanduku moja, pale mwenye kofia asiye na kibali anapodai jeto, ushuru ambao hana risiti yake, pale anapouliza, "Unaenda kwa nani? Mume wako anajua?" Swali hilo la mwisho lina historia. Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kujifunga kisheria kwa kazi atakayoifanya mwenyewe, na sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Sharti limekufa, mazoea yake bado yanasimama getini na kalamu mkononi. Pete ya kuazima inamjibu mtu wa namna hiyo kwa lugha yake, na kumwachia aendelee kuuliza.

Kama familia yetu ilitaka ushauri wa kweli, ingewaendea akina mama wanaovuka ziwa kila juma, wale wa mananasi ya kisiwa cha Idjwi, wale wa vitenge wa soko la Kadutu. Wao hawaazimi pete. Wanawajua mabaharia kwa majina, na wazazi wao pia. Wanakaa pamoja, mmoja akilala mwenzake yuko macho. Pesa ndogo ya bandari iko kiganjani, kubwa iko ndani, na haifunguliwi mbele ya watu. Mama mmoja wa Idjwi aliwahi kunieleza anavyopima bato kabla ya kulipa: anasimama gatini analitazama ubavuni. Likiwa limeketi majini kupita mstari, au limeinama upande mmoja likiwa bado limefungwa, anageuka kurudi nyumbani na mananasi yake. "Nanasi likioza nalia siku moja," alisema. Sijasikia profesa aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo.

Kwa hiyo, binti yangu, na wewe msomaji unayesafiri kwa mara ya kwanza, nami naongeza langu. Panda la mchana ukiweza. La usiku ni nafuu mfukoni, lakini gizani hakuna anayekuona ukiwa majini. Miezi ya kiangazi upepo una hasira, usione haya kuahirisha. Kata tiketi kwenye kaunta, andikisha jina lako lote kama lilivyo kwenye kadi, na hilohilo mtumie anayekupokea, pamoja na jina la bato na saa ya kuondoka. Vaa suruali, au gauni lisilobana; heshima yako haiko kwenye fundo la kikwembe. Kaa karibu na mlango. Omba jile kabla bato halijaondoka, ivae, na wakikucheka wacha wacheke. Jirani yako akikusumbua, paza sauti. Akina mama walio karibu watamshughulikia kuliko polisi. Na ukiona limejaa, shuka. Tiketi itapotea, staji itasubiri siku moja.

Lakini kuna jambo linalonichoma hata ninapoandika haya. Mashauri yote, ya mama mkubwa na yangu, anabebeshwa msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye sanduku moja. Hakuna kikao kilichoitishwa Nguba kumfundisha mwenye bato adabu. Hakuna shangazi aliyemwambia nahodha asicheke na watu. Tunamlea abiria, na anayepakia watu 278 tunamlipa nauli na kumshukuru kwa kufika.

Wenye mabato wa Bukavu na Goma, kateni kamba za wavu ule. Jile ziteremshwe na kila abiria avishwe yake bato likiwa bado limefungwa gatini, na ambaye hakupata yake asisafirishwe. Na ninyi wakaguzi, msisubiriwe: kuweni pale kila siku, kila bato, saa ya kung'oa nanga.