Je, Dhiki Ndiyo Humlea Mtu?



Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani Buyenzi. Ana mtihani wa taifa mwaka huu. Kila siku baada ya Swala ya alfajiri hubeba ndoo ya maandazi ya mama na kuizungusha mitaani kabla ya shule, kama nilivyofanya mimi. Aliniomba nimsemee kwa mama apumzishwe mpaka mtihani upite. Nikamjibu upesi: "Vumilia. Dhiki ndiyo iliyonifikisha mimi chuoni." Akasema, "Sawa, kaka," akakata simu.

Siku zile nilikuwa nasoma habari za Walt Disney, Mmarekani wa filamu za katuni, na nilimwona kuwa ushahidi wangu. (Hukumu ya filamu na picha nawaachia wenye fiqhi yao, hapa nazungumzia malezi.) Mwaka 1911 baba yake, Elias, alinunua haki ya kusambaza magazeti katika mitaa ya Kansas City. Walt alikuwa na miaka 9. Aliamshwa saa tisa na nusu usiku, hata wakati wa theluji, kisha akaenda shule akisinzia. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita, na baba hakumlipa. Ukubwani, kampuni yake ya Laugh-O-Gram ilifilisika mwaka 1923, na mwaka 1928 akampoteza sungura wake Oswald, aliyekuwa mali ya wengine kwa mkataba. Ndipo akaja Mickey Mouse, kisha Snow White mwaka 1937, na Disneyland mwaka 1955. Tukisikia hivyo tunasema: umeona, shida humjenga mtu!

Niliporudia kusoma, ushahidi ulianza kunigeuka. Disney mwenyewe alisimulia kwamba hata utu uzimani alikuwa akiota ameruka nyumba ya mteja, akashtuka kwa hofu. Na alipofika Hollywood mwaka 1923, hakuokolewa na kumbukumbu za theluji. Kaka yake Roy alitoka hospitalini alikokuwa akitibiwa kifua kikuu, wakaanza kazi pamoja, na ami yao Robert akawakopesha dola 500. Watoto wengine wa mji ule walioamka saa ileile na hawakuwa na Roy wala ami, nani anawaandika?

Lililonisumbua zaidi ni la mwaka 1941. Wasanii wake waligoma wakidai chama chao kitambuliwe, baada ya yeye kumfukuza kazi Art Babbitt, mmoja wa wachoraji wake wakubwa. Ni kweli kampuni ilikuwa na madeni, maana vita vilikuwa vimefunga soko la Ulaya. Lakini mtoto aliyefanyishwa kazi bila ujira, ningetarajia awe wa kwanza kuwasikiliza. Yeye aliona amesalitiwa, na uchungu ule hakuuacha.

Basi dhiki haifundishi lolote peke yake? Nadhani inategemea mtu anaikumbukaje. Katika Suratu Dhuhaa, Allah (S.W.) anamkumbusha Mtume (s.a.w.) kwamba alikuwa yatima akahifadhiwa, fukara akatoshelezwa. Halafu hamwambii ajivunie ugumu ule. Anamwamuru asimwonee yatima, wala asimkaripie mwombaji. Nimeihifadhi sura ile tangu madrasa, na mwombaji wangu alikuwa kwenye simu.

Nilimpigia mama. Nilianza na maneno mengi ya kitabuni, akanikatiza kwa kicheko. Akaniuliza kama nimesahau kwamba mwaka wa mtihani wangu mimi, ile ndoo aliibeba yeye. Kweli, nilikuwa nimesahau kabisa. Sasa magoti yake hayamruhusu. Tumekubaliana binamu yetu atauza hadi mtihani uishe, na ujira wake nitautoa mimi katika posho yangu.

Bado sijampigia mdogo wangu kumwomba radhi.